Chombo Kikuukuu Kingali Kinatembea: Ukitengeneze au Ununue Kingine?

Katika kaunti nyingi za Kenya, swali la kubadilisha gari kuukuu huwahusu wenye magari. Kwetu Lamu, kwa familia nyingi za visiwani, gari ni boti. Boti ndiyo inayovusha abiria kati ya Mokowe na Amu, inayomleta mgonjwa kutoka Kizingitini, inayotoa samaki Kiwayu na kupeleka unga na saruji Pate na Ndau. Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2001, una mitaa isiyopitika kwa gari. Ndani ya mji tuna miguu na punda. Ukitaka kutoka, safari huanzia gatini.

Ndiyo maana uamuzi wa kuacha chombo kinachojulikana na kununua kingine ni uamuzi mzito. Mara nyingi ndiyo mali kubwa kuliko zote nyumbani baada ya nyumba yenyewe. Ukikosea, unaweza kubaki na mkopo bila boti, au na boti isiyofaa maji unayosafiria. Makala haya yanaeleza hatua za kufuata kabla ya kutoa pesa.

Wahenga wametuachia methali mbili zinazovutana katika jambo hili. Moja inasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nyingine inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zote mbili zina ukweli, na hesabu ndiyo itakayokuonyesha ipi inakuhusu wewe.

Chombo si kitu kimoja

Kosa linalotendeka mara nyingi ni kusema "boti imechakaa" kana kwamba boti ni kitu kimoja. Boti ina mwili na ina mashine, na viwili hivi havizeeki pamoja. Mashine inaweza kuchoka huku mwili ukiwa imara. Mwili unaweza kuoza huku mashine ikiwa nzima, na mashine hiyo ikahamishiwa mwili mwingine. Kabla ya kuuliza kama ubadilishe, uliza ni kipi hasa kilichochoka.

Mwili wa mbao una faida ambayo wengi wetu tunaisahau: hutengenezwa kipande kwa kipande. Ubao mmoja ukioza, hung'olewa ukatiwa mwingine. Mafundi wa Matondoni na sehemu nyingine za kaunti yetu wamefanya kazi hii kizazi baada ya kizazi. Kwa hivyo umri wa boti ya mbao peke yake haukuambii mengi. Boti ya miaka 30 iliyopandishwa pwani kila msimu, ikatiwa kalafati na kupakwa deheni au rangi, yaweza kuwa salama kuliko ya miaka 8 iliyoachwa majini mwaka mzima ikitobolewa na wadudu wa baharini.

Namna ya kukagua mwili

Subiri bamvua. Maji yakijaa, peleka chombo kwenye mchanga safi. Yakitoka, utaweza kukizunguka chote. Fanya kazi hiyo pamoja na fundi ambaye hana boti ya kukuuzia. Angalieni mambo haya:

Kwanza, mkuku. Huu ndio uti wa mgongo wa chombo. Ukiwa umepinda, umepasuka au umeoza kwa urefu mkubwa, gharama ya kuubadilisha hukaribia gharama ya kujenga upya.

Pili, mataruma. Taruma moja au mawili yaliyovunjika si hoja. Yakiwa mengi na yamefuatana, mbao hazina tena kitu cha kushika, na chombo hucheza mawimbini.

Tatu, misumari. Weusi au kutu kuzunguka vichwa vya misumari huonyesha chuma kinalika ndani. Mbao inaweza kuonekana nzuri huku kinachoishikilia kimekwisha.

Nne, ubao wa tezi unaobeba mashine. Hapa pana nguvu kubwa kila unapopiga mashine. Ukiwa laini ukiuchoma kwa ncha ya kisu, usisafiri mpaka utengenezwe.

Kipimo kingine hakihitaji fundi wala pesa. Baada ya kufua maji yote jioni, acha chombo kimefungwa majini usiku kucha. Asubuhi hesabu ndoo unazotoa, kisha andika. Fanya hivyo mara moja kila wiki kwa mwezi mzima. Ndoo zikibaki idadi ile ile, chombo chako kina uvujaji wake wa kawaida. Zikiongezeka wiki baada ya wiki, kuna kitu kinafunguka, na hupaswi kungoja.

Kama ni mkuku na mataruma mengi kwa pamoja, mwili umefika mwisho. Kama ni mbao chache, kalafati na misumari, huo ni utengenezaji wa kawaida.

Mashine: pima lita, usipime kelele

Mashine nyingi za zamani ni zile zinazochanganywa petroli na oili. Ni nyepesi, ni rahisi kufungua, na fundi yeyote gatini anazijua. Ubaya wake ni kunywa mafuta. Mashine za kisasa zisizochanganywa hunywa kidogo na hazitoi moshi mwingi, lakini ni nzito zaidi, bei yake ni kubwa, na zinahitaji fundi aliyejifunza kuzitengeneza pamoja na vipuri halisi. Uzito huo una maana. Ubao wa tezi uliotengenezwa kwa mashine nyepesi lazima uimarishwe kabla ya kuning'inizwa mashine nzito.

Tufanye hesabu ya mfano. Tarakimu hizi ni za kuonyesha njia tu. Wewe weka zako.

Tuseme mashine yako hunywa lita 20 kwa safari ya kwenda na kurudi, na mpya itakunywa lita 14. Petroli ni shilingi 200 kwa lita, na wakati wa kaskazi unafanya safari 20 kwa mwezi. Utaokoa lita 120, yaani shilingi 24,000 kwa mwezi. Ongeza shilingi 3,000 unazopunguza kwa fundi. Jumla ni shilingi 27,000.

Mashine mpya inauzwa 600,000. Ya zamani utaiuza 120,000. Unakopa 480,000, na mkopo unalipwa shilingi 25,000 kwa mwezi kwa miezi 24. Kwa hesabu hii unabakiwa na 2,000 kila mwezi. Inaonekana biashara imekubali.

Sasa lete kusi. Upepo unapokaza na bahari kuchafuka, tuseme safari zinashuka hadi 10 kwa mwezi. Mafuta unayookoa ni shilingi 12,000, ukiongeza zile 3,000 inakuwa 15,000. Lakini mkopo haujui kusi wala kaskazi. Bado unadai 25,000. Kila mwezi unapungukiwa 10,000. Kusi ikikushika miezi mitano, pengo ni shilingi 50,000, wakati miezi saba ya kaskazi imekuachia 14,000 tu.

Je, maana yake usinunue? La. Mkopo ukiisha, akiba yote ni yako: shilingi 264,000 kwa mwaka kwa mfano huu. Maana yake ni kwamba mashine hiyo ni nzuri kwa mtu anayeweza kuvuka kusi mbili za mwanzo. Kwa hivyo weka pesa za pengo la kusi kando kabla ya kutia saini mkopo. Ukishindwa kuziweka sasa, hutaziweka ukiwa na deni.

Na kama wewe husafiri safari 10 kwa mwezi mwaka mzima, mfano huu unakupa akiba ya 180,000 kwa mwaka dhidi ya malipo ya 300,000. Hapo mashine yako kuukuu, ikiwa inawaka na inafika, bado ndiyo mpango bora.

Gharama ndogondogo nazo zihesabiwe

Kwa upande mwingine, bandu bandu huisha gogo. Mwenye chombo kuukuu mara nyingi hakumbuki alichotumia, kwa kuwa alitoa kidogo kidogo: plagi leo, kabureta kesho, siku mbili bila kazi wiki ijayo. Nunua daftari. Kwa miezi mitatu andika kila shilingi ya fundi na vipuri, na kila siku ambayo boti ilishindwa kutoka. Siku isiyo na kazi pia ni gharama, tena huenda ndiyo kubwa kuliko zote.

Tena kuna gharama isiyoandikwa kwa shilingi. Mashine kuzimika karibu na gati la Mokowe ni usumbufu. Mashine hiyo hiyo kuzimika nje ya miamba kule Kiwayu wakati wa kusi ni hatari ya maisha. Mvuvi wa bahari kuu na anayevusha abiria hawapaswi kungoja mashine ife kabisa. Kwao, mashine ikishazimika njiani zaidi ya mara moja bila sababu kujulikana, wakati wa hesabu umekwisha.

Mbao au faiba?

Faiba haiozi wala hailiwi na wadudu, ni nyepesi, na hukimbia kwa mafuta machache. Lakini ijue tabia yake. Mbao kwa asili huelea, ingawa mashine na mizigo vinaweza kuizamisha. Faiba haielei yenyewe. Ikijaa maji huzama, isipokuwa imejengwa na vyumba vya hewa au povu la kuelea. Muulize muuzaji vyumba hivyo viko wapi, na uvione kwa macho. Ufa wa faiba pia usizibwe juu juu. Hutakiwa kukaushwa na kusagwa kabla ya kutiwa matabaka mapya.

Fikiria pia maji yako. Anayepita Mkanda anajua maji yakitoka njia huwa nyembamba na kina hupungua. Anayeshusha mizigo kwenye mchanga na mawe anahitaji tumbo la chombo linalostahimili kukwaruzwa. Boti nzuri ya watalii Shela si lazima iwe nzuri kwa saruji ya Siyu.

Wala tusidhani kuwa ufundi wetu umekwama kwenye mbao. FlipFlopi, jahazi lililojengwa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Ufundi ni ule ule wa jahazi. Kilichobadilika ni kitu cha kujengea.

Ukinunua kilichotumika

Aibu za chombo chako unazijua. Za mwenzako hakuambii. Kabla ya kulipa, hakikisha namba iliyoko kwenye mashine inalingana na karatasi, kwa maana mashine za boti huibwa. Uliza kama mashine imewahi kuzama, na fundi aifungue kuangalia alama za chumvi ndani. Ijaribu boti ikiwa na mzigo na ikienda kinyume cha mkondo, si kuzunguka gatini dakika tano. Mauziano yaandikwe mbele ya mashahidi. Kwa chombo cha uvuvi, wajulisheni viongozi wa BMU ya eneo lenu.

Chombo kingine pia kinahitaji karatasi zake. Ukaguzi na leseni za vyombo vya abiria husimamiwa na Mamlaka ya Safari za Baharini ya Kenya (KMA). Tia gharama hizo ndani ya bei tangu mwanzo, pamoja na jaketi za kuokoa maisha za kutosha kila aliyemo, wakiwemo watoto.

Kwa wenzetu wa bara

Wenye pikapu Mpeketoni, Hindi na Witu wanaweza kutumia hesabu ile ile, kwa kuweka mavuno mahali pa upepo. Sasa barabara ya kutoka Garsen kupitia Witu ni ya lami, lakini njia nyingi za mashambani bado hukwamisha gari wakati wa mvua. Gari la chini linaloonekana zuri Mombasa huenda lisifike shambani kwako. Kumbuka pia kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na kwamba hujawa mwenye gari mpaka umiliki uhamishwe rasmi kupitia NTSA.

Na kile cha zamani?

Ukiamua kubadilisha, usiuze chombo kilichokwisha mkuku kwa mtu atakayepakia abiria. Kivunje, uuze mbao nzima, misumari ya shaba kama ipo, nanga na mashine. Bei itakuwa ndogo, lakini hutasikia jina la boti yako likitajwa katika habari ya msiba.

Ukiamua kubaki nacho, basi kitunze kama mtu aliyeamua. Tenga kila mwezi kiasi kile kile ambacho ungelipia mkopo, au hata nusu yake. Sehemu itumie kwa kalafati na vipuri, nyingine iweke. Siku chombo kitakapokataa kweli, utaingia sokoni na pesa mkononi, na muuzaji atakusikiliza.