SOMO LA REDIO: JINO HUSOGEZWA NAMNA GANI?

Ninyi mliokusanyika darasani Kamunyonge, nanyi wengine wa Musoma, Bunda na Butiama, karibuni. Somo la leo ni habari za kupanga meno yaliyopindana. Fungueni madaftari, mwandike maneno matano: FIZI, TAYA, MZIZI, CHONGE, NGUVU. Mtayasikia katika somo hili.

Kuchonga si kusogeza

Katika mkoa wetu wa Mara kubadili meno si jambo geni. Wazanaki walikuwa na desturi ya kuchonga meno ya mbele yawe na ncha. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alichongwa hivyo. Lakini kuchonga hupunguza jino tu. Jino lenyewe hubaki mahali pake. Leo tunazungumza juu ya kulihamisha jino zima, pamoja na mzizi wake, nalo li hai.

Je, yawezekanaje, na jino limesimama ndani ya mfupa wa taya? Sikilizeni. Jino halikupigiliwa katika mfupa kama msumari katika ubao. Kati ya mzizi na mfupa zipo nyuzi nyororo, unene wake kiasi cha milimita 0.2, yaani kama karatasi mbili. Jino likisukumwa polepole siku nyingi, upande unaobanwa mwili hula mfupa kidogo kidogo. Upande wa pili, nyuzi zinapovutwa, mwili hujenga mfupa mpya. Hivyo jino husogea kiasi cha milimita 1 kwa mwezi.

Nguvu ndogo, muda mrefu

Kuinamisha jino moja la mbele hutaka nguvu ya gramu 50 hivi, sawa na uzito wa yai la kuku. Kulisogeza likiwa wima, mzizi na kichwa pamoja, hutaka kama mayai mawili. Labda utasema, "Ongezeni nguvu, tumalize upesi." Sivyo. Nguvu ikizidi, damu hukosa njia katika zile nyuzi, nazo hufa. Jino husimama badala ya kwenda, na mzizi waweza kuliwa ukawa mfupi.

Mahali pa kusukuma

Fanya jaribio. Chomeka kijiti katika tope zito, kisha sukuma ncha ya juu kwa kidole. Kijiti kinainama: juu kinakwenda mbele, chini kinarudi nyuma. Jino nalo ni hivyo hivyo. Daktari hawezi kuushika mzizi, kwa kuwa umefichwa na fizi na mfupa. Hushika kichwa tu. Kwa hiyo akisukuma bila kitu kingine, jino hulala.

Dawa yake ni kulisukuma jino na papo hapo kulizuia lisipinduke. Katika miaka ya 1920 Edward Angle, daktari wa Marekani, alitengeneza njia inayotumika hata leo. Kila jino hubandikwa kishikio kidogo chenye mfereji wa pembe nne, na ndani yake hupita waya wa pembe nne. Waya hukishika kishikio kama spana inavyoshika nati, na hivyo daktari huugeuza hata mzizi asiouona.

Nanga

Mvuvi akiwa katika mtumbwi akavuta kamba ya mtumbwi mwingine ulio sawa na wake, mitumbwi yote miwili husogea. Lakini kamba ikifungwa kwenye jabali la ufukweni, ni mtumbwi peke yake utakaosogea. Isaac Newton wa Uingereza aliandika kanuni hii mwaka 1687: kila mvuto una mvuto wa kuujibu.

Katika kinywa chenye meno yaliyosongamana sana, pengine daktari hung'oa jino lililo nyuma ya chonge, ili chonge irudi nyuma ipate nafasi. Huivuta kwa kuifunga kwenye magego. Lakini magego nayo huvutwa mbele, na nafasi yaweza kuisha kabla chonge haijafika! Kwa hiyo hutafuta nanga: huyaunganisha magego pamoja, au huweka skrubu ndogo katika mfupa. Skrubu hiyo ndiyo jabali lake.

Waya au plastiki?

Siku hizi yako pia maganda ya plastiki angavu, yanayovikwa juu ya meno. Kila ganda husogeza jino kiasi cha milimita 0.25, kisha huvaliwa jingine. Lazima yavaliwe saa 20 hadi 22 kila siku. Likikaa mfukoni halifanyi kazi. Ganda husukuma na kuinamisha vizuri. Lakini kuzungusha jino la mviringo, kulivuta litoke katika fizi, au kusogeza mzizi, ni kazi ngumu kwake, maana huteleza. Daktari hubandika vijinundu juu ya jino ili ganda lipate pa kushika. Kwa kazi nzito, mara nyingi waya ndio hutawala vizuri zaidi.

Onyo

Wako watu wanaofunga mpira wa kawaida kwenye meno mawili ya mbele ili kuziba mwanya. Msifanye hivyo, wala msiwaache watoto wafanye. Mzizi huchongoka kuelekea ndani. Mpira huteleza chini ya fizi ukaufuata, huku ukiharibu nyuzi na mfupa. Jino zima, lisilo na ugonjwa, hulegea na kung'oka. Mwendeeni daktari wa meno hospitalini. Mwulizeni kazi itachukua muda gani, gharama yake ni kiasi gani, na nanga yake itakuwa nini. Kwa kawaida ni miaka 2 hivi. Baadaye huvaliwa kifaa cha kuyashikilia meno, maana yakiachwa hurudi yalikotoka.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini jino laweza kusogea ndani ya mfupa?
2. Nguvu ikizidi, hutokea nini?
3. Nanga ni nini, na kwa nini ni lazima?
4. Andika sentensi mbili za kumwonya jirani juu ya kufunga mpira kwenye meno.

Aliyeandika jibu la nne amsomee jirani yake leo jioni. Kwaherini, ndugu wanafunzi.