Timu Iliyozaliwa Ukumbi wa Densi

Kila Jumamosi, saa kumi alasiri ikigonga, mlinzi wa ploti yetu hapa Kileleshwa huanza kupiga simu. "Kocha, gari la orofa ya nne bado halijatoka," huniambia, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Uwanja wetu wa mpira wa vikapu ni maegesho ya magari. Mistari niliichora mwenyewe kwa rangi nyeupe. Pete ni moja tu, imefungwa ukutani kwa boliti nne, na upande wa kushoto kuna doa la oili ambalo tumelisugua kwa sabuni na mchanga hadi tukachoka. Watoto hukaa ngazini, mpira umekumbatiwa, wakingoja gari la mwisho litoke. Saa kumi na mbili wenye magari huanza kurudi, nasi tunatoka.

Kwa hiyo nilipotazama filamu ya mwaka 2011 ambayo Kareem Abdul-Jabbar alitengeneza kuhusu timu ya New York Renaissance, nilihisi nasimuliwa habari ya jamaa zangu. Timu hiyo, ambayo mashabiki waliifupisha jina ikawa Rens, haipo tena tangu 1949. Lakini ndiyo timu ya kwanza ya kulipwa ya vikapu ambayo wachezaji wake wote walikuwa weusi na mwenyewe pia alikuwa mweusi. Nayo pia ilianza kwa kuhangaikia sakafu.

Mwenyewe aliitwa Robert Douglas, maarufu kwa jina la Bob. Alizaliwa mwaka 1882 katika kisiwa cha Saint Kitts, kilichotawaliwa na Mwingereza kama tulivyotawaliwa sisi, akahamia New York akiwa kijana. Vikapu vilikuwa mchezo mchanga. James Naismith alikuwa ameubuni Desemba 1891 katika chuo cha YMCA mjini Springfield, akitafuta kitu cha kuwachangamsha vijana ndani ya jumba wakati wa baridi kali. Douglas aliupenda. Mwaka 1908 yeye na wenzake walianzisha Spartan Field Club ili vijana weusi wapate mahali pa kucheza michezo mbalimbali, na timu ya vikapu ya klabu hiyo ikaitwa Spartan Braves.

Huko Harlem alikuwepo mtu mwingine kutoka visiwani, William Roach, mzaliwa wa Montserrat, aliyekuwa mfanyabiashara wa majumba. Alijenga jumba la starehe katika Barabara ya Saba, karibu na Mtaa wa 138: kasino, ukumbi wa maonyesho, na orofani ukumbi wa densi. Akaliita Renaissance. Mwaka 1923 Douglas alimwendea na maneno ya kibiashara. Nipe ukumbi wako, timu yangu ifanyie mazoezi na mechi humo. Nami timu nitaipa jina la jumba lako, kila inapotajwa watu wakukumbuke wewe. Jina lenyewe Douglas hakulipenda. Moyo wake ulikuwa kwa lile la zamani, Spartan. Lakini jina alikuwa nalo tayari; alichokosa ni mahali.

Msomaji wa Kenya hapa hahitaji maelezo marefu. Tazama ligi yetu: KPA ni ya bandari, Ulinzi ni ya jeshi, KCB na Equity ni za benki. Timu hubeba jina la anayeifadhili. Nimewahi kusikia vijana wakilidharau jambo hilo, eti timu haina jina lake. Mimi siungani nao. Aliyepata pa kuchezea amepata kitu kikubwa.

Mechi ya kwanza ilichezwa tarehe 3 Novemba 1923, dhidi ya timu ya Wazungu iliyoitwa Collegiate Five. Rens walishinda 28 kwa 22. Matokeo madogo hayo yasikushangaze. Enzi hizo kila kikapu kilipoingia mpira ulirudishwa katikati, ukarushwa juu upya, na hakukuwa na saa ya kumlazimisha mtu kutupa mpira.

Nataka uuone ukumbi huo. Sakafu ya mbao iliyong'arishwa kwa ajili ya viatu vya densi, nyembamba kuliko uwanja wa kawaida. Pete zililetwa na kusimamishwa usiku wa mechi, kisha zikaondolewa. Bendi ilipiga, watu wakacheza densi, mechi ikachezwa, watu wakarudi kucheza densi. Mashabiki walikuja wamevaa suti na magauni ya jioni, maana tiketi moja ilinunua vikapu na muziki pamoja. Wachezaji walikimbia juu ya sakafu inayoteleza kama sahani iliyopakwa mafuta. Binti mmoja wa kikosi changu, mwenye miaka kumi na moja, nilipomsimulia haya aliniuliza, "Kocha, sasa walikuwa wanasimama aje?"

Nilimpeleka kwenye doa letu la oili. Mvua ilikuwa imenyesha mchana. Nikamwambia audunde mpira apite hapo kwa mbio. Mguu ukamponyoka, nikamdaka mkono. Kisha nikamwambia asimame palepale, apokee pasi na kuitoa mara moja bila kupiga hatua. Akafanya hivyo mara kumi, hakuteleza hata mara moja. Rens walisifika kwa mchezo huo hasa: pasi za haraka, mpira ukipita mikono mitano bila kugusa chini. Mimi naamini sakafu ya Roach ndiyo iliyowafunza.

Mwaka 1925 ilianzishwa ligi ya kulipwa ya Marekani, nao hawakukaribishwa, kwa sababu ya rangi tu. Mwishoni mwa mwaka huohuo wakawafunga Original Celtics, timu ya Wazungu iliyohesabiwa kuwa bora kuliko zote nchini. Ninapofikiria hilo huwa nakumbuka kwamba miaka hiyohiyo Mwafrika wa Nairobi alitembea na kipande shingoni, na kwamba hiki Kileleshwa ninamokaa, kilipokuja kujengwa, kilitengewa Wazungu. Milango iliyofungwa ilifanana sana, huku na kule. Joe Lapchick, jitu la Celtics, alikuwa na desturi ya kumkumbatia Tarzan Cooper wa Rens kabla ya mechi, mbele ya watu waliokuja kuona uadui.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Uchumi ulipoanguka, timu ilipanda basi ikawa ya safari. Hoteli nyingi ziliwafungia mlango, wakalala mbali na miji waliyocheza. Eric Illidge, aliyesimamia safari, alihesabu watazamaji mwenyewe, na timu haikuingia uwanjani kabla ya pesa kuwa mkononi mwake. Msimu wa 1932–33 walishinda mechi 120 wakapoteza 8, na kati ya hizo walishinda 88 mfululizo. Mwaka 1939, mjini Chicago, waliwafunga Oshkosh All-Stars 34 kwa 25 wakawa mabingwa wa mashindano ya dunia ya timu za kulipwa. Walishonewa jaketi zilizoandikwa kwamba wao ni mabingwa wa dunia wa watu weusi. Mchezaji wao John Isaacs alichukua wembe akaondoa neno lile la rangi, uzi baada ya uzi, yakabaki maneno "mabingwa wa dunia".

Msimu wa mwisho walihamia Dayton, jimbo la Ohio, na 1949 timu ikavunjika. Mwaka uliofuata NBA ikafungua mlango kwa wachezaji weusi. Mmoja wa wa kwanza, Sweetwater Clifton, alikuwa amewahi kuvaa jezi ya Rens. Douglas aliishi hadi 1979.

Ukumbi wenyewe ulibaki mtupu miaka mingi, ukavunjwa mwaka 2015, na mahali pake yakajengwa makazi ya ghorofa. Nimetazama picha zake kwa muda mrefu. Zinafanana na za mtaa wangu, ambako nyumba za vigae zenye bustani na mijakaranda zimeng'olewa moja baada ya nyingine.

Jumamosi iliyopita gari la orofa ya nne lilirudi mapema, saa kumi na moja na nusu. Nikainua mkono kuwaita watoto watoke. Mwenye gari akazima injini palepale langoni, akashuka, akaegemea mlango. "Malizeni kwanza, Kocha," akasema. "Ni ngapi kwa ngapi?"