Maketi ikiwa nzito: mbele ya kununua mashini mpya, safisha kwanza fishie

Arshitekte amekaa mbele ya mashini, anangoja. Kile kiduara kinazunguka ku ekra. Mwenzake wa meza ya pili naye anangoja. Inje, jenereta inakunywa mafuta. Wale wanaochora majengo makubwa mu programu Revit wanaijua hali hii, iwe Goma, Bukavu ao Bunia. Wengi wanasema paka neno moja: mashini imechoka, tununue ingine. Mara nyingi si mashini. Maketi yenyewe imejaa uchafu, na watu wanaigawana vibaya.

Revit ilitoka mwaka 2000 huko Marekani, na kampuni Autodesk iliinunua mwaka 2002. Hapa hauchori mistari tu, unajenga jengo zima mu mashini: mlango unajua uko mu ukuta gani. Ukisogeza ukuta mmoja, plani, fasadi na hesabu ya milango vyote vinageuka pamoja. Ni vizuri, lakini kila mara mashini inapiga hesabu upya.

Watu watano wakitumika ku jengo moja, kunakuwa fishie moja ya katikati ku serveri, na kila mmoja anakuwa na kopi ku mashini yake. Anachora ku kopi, kisha anasinkroniza, ni kusema anatuma kazi yake katikati na kuchukua ya wenzake. Mmoja akiwa anatuma, wengine wanangoja zamu. Wote watano wakisinkroniza saa sita kamili mbele ya kwenda kula, wa mwisho atakula chakula baridi. Afadhali wapatane saa: huyu saa tano, yule saa tano na robo.

Hapa kwetu kuna pia shida ya umeme. Ukikatika wakati kazi inatumwa, fishie ya katikati inaweza kuharibika. Kwa hiyo onduleri ya serveri inunuliwe mbele ya ordinateri mpya. Wamoja wanaweka fishie ya katikati mu Dropbox ao Google Drive ili mwenzao wa muji mwingine aifikie. Ni hatari. Huduma hizo hazijui nani ameshika ukuta gani. Zinakopi fishie nzima, kazi za watu wawili zinagongana, na moja inapotea. Siku hiyo fundi wa shantie anabaki na plani ya zamani mkononi, anamwaga beto pahali nguzo ilishaondolewa. Beto ikishakauka, hakuna tena cha kusinkroniza.

Na uchafu unatoka wapi? Kwanza, vitu vya bure vya intaneti. Mtu anatafuta lavabo, anapata moja nzuri, robine yake iko na kila skurubu. Ku plani ya 1/100 hakuna mtu ataona ile skurubu. Lakini weka lavabo hiyo mu vyumba mia moja vya hospitali, uone namna mashini inalemewa. Kisha kuna plani za AutoCAD. Topografe analeta plani ya kiwanja, mtu anaiingiza ndani kabisa, halafu anaipasua inakuwa mistari maelfu. Isipasuliwe hata siku moja! Iunganishwe tu kutoka inje, na kazi yake ikiisha iondolewe.

Halafu maonyo: kuta mbili zimelaliana, vyumba viwili viko mu nafasi moja. Watu wanafunga dirisha la onyo wanaendelea, na yanalundikana mamia, na yote yanalemea programu. Mtu mmoja apewe kazi ya kuyapunguza kila juma. Kuna pia amri ya kutupa vitu visivyotumika. Ipigwe mara mbili ao tatu, juu kutupa kimoja kunaachilia kingine.

Maketi inaweza pia kugawanywa vipande. Mwenye anachora mabomba hana haja ya kufungua viti na meza; afunge hivyo, memori ipumue. Na asubuhi kila mtu atengeneze kopi mpya, asifungue ile ya juzi.

Kisha tu ndipo tuongelee mashini. Kipimo cha Autodesk ni RAM ya karibu mara 20 ya ukubwa wa fishie: fishie ya megabaiti 400 inaomba karibu gigabaiti 8 kwa yenyewe tu. Muuzaji akikusifia prosesa yenye viini vingi, uliza kasi ya kiini kimoja, sababu kazi nyingi za Revit zinapita pale.

Na wote wawe ku versioni moja. Fishie ikishahifadhiwa mu Revit 2024, ile ya 2022 haitaifungua tena, na hakuna njia ya kuirudisha nyuma. Mwenye anataka kupandisha versioni aambie kwanza wenzake, na aache kopi ya zamani pembeni.