Kitufe kimoja kwenye barua: kufungua daftari la malipo kwa makro

Gunia la omena likishapanda basi la usiku kutoka Kisumu kwenda Nairobi, halirudi. Kwa hivyo swali la kama mnunuzi amelipa lazima lijibiwe kabla ya barua ya mzigo kuchapishwa, si kesho yake asubuhi. Vikundi vingi vya wauzaji kando ya Ziwa, kuanzia Dunga hadi Mbita na Usenge, huandika barua hiyo kwenye kompyuta, lakini kujua nani amelipa bado ni kazi ya kupekua meseji kwenye simu ya mweka hazina. Naye mweka hazina yuko Kibuye sokoni, na simu imezima chaji.

Kuna hatari nyingine inayotusumbua zaidi. Meseji ya malipo inaweza kughushiwa. Mtu anaiandika mwenyewe, anaitengeneza ifanane na ile ya kweli, anakutumia, halafu anakuharakisha: "Si umeona pesa imeingia? Pakia basi!" Ushahidi wa malipo ni taarifa ya akaunti yako ya till. Meseji unayoonyeshwa kwenye simu ya mtu mwingine, au unayotumiwa kutoka nambari ya kawaida, haithibitishi kitu.

Leo tunaonyesha namna ya kuziweka taarifa hizo katika hifadhidata ndogo, na kuweka kitufe ndani ya barua yenyewe ambacho ukikibonyeza, daftari la malipo linafunguka mbele yako. Kinachofanya kazi hiyo kinaitwa makro, yaani maagizo machache ambayo programu inayatekeleza yenyewe badala ya wewe kubonyeza hatua kwa hatua. Tutatumia LibreOffice kwa sababu ni ya bure, na ndani yake kuna Writer ya kuandikia barua, Calc ya mahesabu na Base ya hifadhidata. Ukiwa na Word na Access, jambo hilohilo linawezekana, ila Access haimo katika vifurushi vingi vya Office ambavyo watu hununua.

Majina ya menyu tumeyaacha kwa Kiingereza kwa kuwa ndivyo utakavyoyakuta kwenye kompyuta nyingi hapa kwetu. Si kwamba Kiswahili hakijawahi kujaribiwa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu ambayo baadaye, mwaka 2010, ilizaa LibreOffice.

Daftari kwanza

Kitufe hakina maana kama daftari lenyewe ni bovu. Fungua Base, tengeneza hifadhidata mpya, uihifadhi kwa jina daftari.odb ndani ya folda yake, kwa mfano C:\Kikundi. Base ikilalamika kwamba inahitaji Java, usishtuke, si virusi. Ile hifadhidata ya ndani ambayo Base hutumia inategemea Java, basi iweke kwanza ndipo uendelee.

Tengeneza jedwali moja tu la kuanzia. Safu zake: msimbo wa muamala, tarehe, jina la mnunuzi, kiasi, na nambari ya barua ya mzigo. Usiongeze safu kumi ambazo hakuna atakayezijaza.

Sasa hapa ndipo penye faida yote. Msimbo wa muamala, zile herufi na tarakimu zinazokuja na kila malipo, haujirudii. Uweke uwe ufunguo mkuu wa jedwali, kile Base inachokiita "Primary Key". Ukishafanya hivyo, hifadhidata itakataa malipo yaleyale kuingizwa mara mbili. Fikiria mnunuzi aliyelipa gunia moja Jumatatu, halafu Alhamisi anatuma msimbo uleule kwa karani mwingine na kuchukua gunia la pili. Kwenye kitabu cha karatasi kurasa zimeshafunuliwa, hakuna anayekumbuka. Hifadhidata haisahau, inagoma palepale. Na hata kabla ya kuingiza chochote, ukitafuta msimbo huo utaona tayari una nambari ya barua nyingine mbele yake.

Kuingiza malipo hakuhitaji kuchapa moja moja. Pakua taarifa ya till yako, ifungue kwa Calc, panga safu zifuate jedwali lako, nakili pamoja na vichwa vya safu, kisha rudi Base, bonyeza kulia juu ya jedwali na uchague kubandika. Itakuuliza; chagua "Append data", yaani ongeza chini ya yaliyopo. Ikikutana na msimbo uliokwisha kuingia, itatoa onyo na kukuuliza kama iendelee. Onyo hilo usilipite haraka, lisome.

Mwisho tengeneza fomu ya kuonyesha jedwali hilo, uiite Malipo. Msaidizi wa fomu ndani ya Base atakuongoza, ni kubonyeza mbele tu.

Makro yenyewe

Fungua barua yako ya mzigo katika Writer na uihifadhi kama .odt. Hili lina uzito: ukiihifadhi kama .docx, makro haitabaki ndani, na kesho utafikiri kompyuta imekuibia kazi. Nenda "Tools", kisha "Macros", kisha "Organize Macros" na "Basic". Katika orodha chagua jina la barua yako, tengeneza moduli mpya, na uandike haya:

Sub FunguaDaftari
  Dim njia, daftari
  njia = ConvertToURL("C:\Kikundi\daftari.odb")
  If Not FileExists(njia) Then
    MsgBox "Daftari halipo hapa: " & ConvertFromURL(njia)
    Exit Sub
  End If
  daftari = StarDesktop.loadComponentFromURL(njia, "_default", 0, Array())
  If Not daftari.CurrentController.isConnected() Then
    daftari.CurrentController.connect()
  End If
  daftari.CurrentController.loadComponent(com.sun.star.sdb.application.DatabaseObject.FORM, "Malipo", False)
End Sub

Inatisha kuitazama, lakini inasema mambo manne tu. Daftari liko mahali fulani. Kama halipo, niambie usikwame. Kama lipo, lifungue. Halafu unganisha na unionyeshe fomu inayoitwa Malipo. Lile neno False la mwisho maana yake fomu ifunguke kwa kutumiwa, si kwa kubadilishwa umbo lake. Jina la fomu liandike vilevile ulivyoliandika kule Base, hata herufi kubwa na ndogo.

Kitufe kinatoka kwenye upau wa "Form Controls", ambao unaupata chini ya "View" na "Toolbars". Chagua "Push Button", ukichore juu ya barua, bonyeza kulia, fungua sifa zake, na kwenye sehemu ya "Events" unganisha "Execute action" na makro yako. Zima hali ya usanifu, "Design Mode", ndipo kitufe kiitike. Fomu ikifunguka, alama ya kutafuta iliyo kwenye upau wa chini itakupeleka hadi kwa msimbo aliokupa mnunuzi. Ukiupata, na kiasi kinalingana, na hauna nambari ya barua nyingine, jaza nambari ya barua yako na uchapishe. Usipouona, pakua taarifa mpya kwanza, maana pengine malipo yameingia baada ya ile ya asubuhi. Bado haupo? Gunia libaki chini.

LibreOffice pia inaweza kufungua daftari yenyewe mara tu barua inapofunguliwa, bila kitufe. Sisi hatukushauri hivyo. Faili linalojifanyia mambo pale unapolifungua linakuzoesha tabia mbaya, na sababu yake inafuata.

Ufunguo huohuo mikononi mwa mwizi

Kitu kilekile kinachokufungulia daftari kinaweza kumfungulia mtu mwingine. Makro ina uwezo wa karibu kila unachoweza wewe kwenye kompyuta hiyo: kusoma mafaili, kuyafuta, kuyatuma. Mwezi Machi 1999 makro iliyoitwa Melissa ilienea duniani ndani ya faili la Word. Aliyelifungua, kompyuta yake ililituma lenyewe kwa watu 50 wa kwanza kwenye orodha yake ya anwani, na kwa kuwa barua ilitoka kwa mtu wanayemjua, nao wakafungua. Ndiyo maana mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti bila hata kukuuliza.

Huku kwetu hila hiyo inakuja ikiwa imevaa nguo za kampuni za malipo. Unapokea barua pepe au faili la WhatsApp: "Fomu ya kurudishiwa pesa", "Taarifa ya till yako imesimamishwa". Ukilifungua, ukurasa uko ukungu na maandishi yanakuambia uruhusu makro ndipo usome vizuri. Hakuna waraka wa kweli unaohitaji makro ili usomeke! Sisi hatutumi faili lenye makro kwa mteja yeyote, wala hatuulizi PIN kwa njia yoyote. Ukipata faili la aina hiyo, lifute, kisha upige nambari ya huduma kwa wateja unayoijua tayari. Ile iliyoandikwa ndani ya faili iache.

Kwa upande wa LibreOffice, ulinzi uko chini ya "Tools", "Options", "Security", halafu "Macro Security". Kiwango chake cha kawaida ni "High", nawe kiache hapohapo. Kwa kiwango hicho kitufe chako hakitafanya kazi mwanzoni, na wengi hapa hukosea: wanashusha kiwango hadi "Low" ili kazi iende. Hiyo ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu umepoteza ufunguo. Badala yake fungua sehemu ya "Trusted Sources" na uongeze folda moja tu, C:\Kikundi, kama mahali panapoaminika. Barua yako ikikaa humo, makro yake itaruhusiwa, na za kwingine zitazuiwa. Folda ya "Downloads" usiiongeze kamwe, maana ndimo kila faili la mgeni huangukia. Na usihifadhi faili la mtu ndani ya C:\Kikundi, hata kama ni la rafiki.

Makro haihitaji PIN yako, wala nywila ya akaunti ya till. Fundi akikuambia aandike nambari hizo ndani ya makro "ili ijitume yenyewe", mkataze. Yeyote anayefungua barua anaweza kusoma makro iliyomo.

Likumbuke pia jambo la sheria. Majina na nambari za simu za wanunuzi wako ni taarifa zao binafsi, na tangu Novemba 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data. Weka yale unayohitaji kwa biashara, kompyuta iwe na nywila, na daftari lisitumwe kwenye grupu la chama. Makatibu wa BMU wanaotaka kutumia mbinu hii kwa rejista ya wanachama na maboti, hili linawahusu nyinyi hasa.

Stima, na kompyuta mpya

Daftari la .odb lina udhaifu wake. Hifadhidata nzima imefungwa ndani ya faili moja, na ulichoingiza kinaandikwa humo unapohifadhi au kufunga. Stima ikipotea katikati, kazi ya saa nzima inaweza kupotea nayo. Kwa hivyo baada ya kila malipo machache, rudi kwenye dirisha la Base na uhifadhi. Kuhifadhi kwenye fomu peke yake hakutoshi. Jioni nakili folda nzima kwenye flashi, na flashi isikae mezani karibu na kompyuta.

Kama bado hujaanza, kati ya Aprili na Julai, omena inapopumzishwa na uvuvi wake kufungwa, kuna muda wa kujaribu bila magunia kukusubiri. Ingiza malipo ya mwezi mmoja uliopita uone kama jumla inalingana na taarifa.

Ukihamia kompyuta nyingine, au ukibadilisha jina la folda, kitufe kitakuambia daftari halipo. Hakijaharibika. Fungua makro, rekebisha ule mstari wenye C:\Kikundi uelekeze mahali papya, hifadhi, kisha uiongeze folda mpya kwenye orodha ya zinazoaminika na uitoe ile ya zamani.