Wadudu Wawili Wenye Sura Moja

Leo twapenda kunena habari za mbawakawa mdogo sana, urefu wake kama milimita 2, naye aweza kuukausha mti mkubwa. Apitaye sokoni Mwanjelwa huona maparachichi yaliyotoka Rungwe, na Rungwe hiyo hiyo ina mashamba ya chai. Katika nchi nyingine ukoo wa mdudu huyu umeingia katika miti yote miwili. Basi yafaa tumjue kabla hajatujia.

Mbawakawa huyu si mlaji wa mti, bali ni mkulima. Jike hutoboa shina, naye amebeba kuvu katika vifuko vya kinywani mwake. Huipanda katika kuta za tundu, ikawa chakula chake na cha wanawe. Lakini kuvu hiyo huziba mishipa ipitishayo maji, na matawi hufa.

Mwaka 1868 mtaalamu Eichhoff alimpa mdudu mmoja wa Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, jina la fornicatus. Mwaka 2003 mwenye sura kama hiyo alionekana karibu na Los Angeles, Marekani, akadhaniwa kuwa ndiye yule mtoboa chai. Mwaka 2012 alikutwa huko ndani ya mparachichi uliokuwa ukikauka. Je, ni yule yule?

Macho hayakutosha kuamua. Mti nao si shahidi, kwa kuwa mtoboa chai pia huingia mparachichi. Ndipo zikasomwa chembe za urithi. Hizo ni kama maandishi yanakiliwayo kutoka kwa mzazi hata mtoto. Koo zikiisha kutengana, kila ukoo hukusanya makosa yake ya kunakili. Maandishi ya wadudu hawa wawili yalitofautiana sana. Kuvu nayo ikashuhudia: mtoboa chai hulima Fusarium ambrosium, na mwenziwe Fusarium euwallaceae. Ila kuvu huweza kuhamia kwa mdudu mwingine. Kwa hiyo ushahidi wake hupimwa pamoja na ule wa urithi.

Kisha kielelezo cha kale cha Eichhoff, kilichodhaniwa kupotea, kikapatikana. Mwaka 2019 ikatangazwa kwamba jina fornicatus ni la yule aliyekausha miparachichi. Mtoboa chai akaitwa perbrevis. Wote pamoja wakahesabiwa jamaa wanne.

Huenda mtu akasema, jina lina faida gani? Faida yake ni kubwa. Atafutaye adui wa asili wa mdudu hana budi kwenda katika nchi ya asili ya mdudu huyo. Akikosea jina, atakwenda nchi siyo. Naye fornicatus alionekana Pietermaritzburg, Afrika Kusini, mwaka 2017.

Basi, mkiona vitundu vidogo katika shina, msihamishe kuni za mti ule. Mdudu mtieni katika chupa ya spiriti kali, mkamwite Bwana Shamba aje auone mti mwenyewe.