Kompyuta ya Nyumbani (Sehemu ya 4): Kamera Iko Getini, Picha Ziko kwa Nani?

Katika soko la Gikomba, Nairobi, belo la mitumba likifunguliwa, nguo bora zinazogombewa kabla hazijagusa meza huitwa "kamera". Zinazobaki mwisho, ambazo hata kuzikunja ni hasara, huitwa "fagia". Mnunuzi wa Kiboriloni, pale barabara inapotoka Moshi mjini kuelekea Himo, hana haja ya kuazima msamiati huo, kwani elimu yenyewe anayo. Haamini nembo iliyoshonwa shingoni. Anageuza shati ndani nje, anavuta mshono, analiinua juani, ndipo anauliza bei. Makala ya leo inahusu kamera zenyewe, zile zinazotundikwa ukutani, na anayejua kuchagua mtumba amekwisha kujifunza nusu ya somo.

Habari iliyolileta somo hili inajulikana. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta nyingi nzima, ambazo kosa lao pekee ni kutotimiza masharti ya Windows 11, ziligeuka mzigo kwa wenye nazo. Na mzigo wa Ulaya, kama Kiboriloni inavyojua tangu zamani, huwa bidhaa Afrika. Wasomaji wa safu hii watakumbuka jinsi ruta inavyogawa anwani ndani ya nyumba, na jinsi laptop iliyochoka inavyopata uhai mpya kwa kuwekewa Linux. Hayo hayarudiwi. Sasa laptop hiyo inatafutiwa kazi, na kazi ambayo watu wa mlimani huitaja kwanza ni ulinzi.

Wana sababu. Nyumba nyingi, kuanzia Kiboriloni kupanda Old Moshi hadi Kilema na Marangu, hujaa watu Desemba, magari yakakosa pa kugeuzia, kisha Januari zikabaki na bibi, mfanyakazi na mbwa. Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam au Arusha. Anataka kuona geti lake. Fundi anakuja na boksi linalong'aa, anasema, "Mangi, hii utaiona hata ukiwa Dar, kwenye simu tu." Ni kweli, ataiona. Swali ambalo fundi haulizwi ni picha hiyo inapitia wapi kabla ya kufika Dar.

Ili kuelewa kwa nini kamera moja inaelewana na Linux na nyingine inaigomea, ni lazima kurudi Cambridge, Uingereza, mwaka 1991, kwenye birika la kahawa. Wenye haraka wanaweza kuruka aya kadhaa, ila watakosa uhondo.

Watafiti wa maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge walikuwa na kero moja: kupanda na kushuka ngazi, kisha kukuta birika tupu. Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakalielekezea kamera birika hilo, wakaandika programu, na picha ya kijivu yenye nukta 128 kwa 128 ikawa inaonekana kwenye kompyuta za wenzao. Novemba 1993 picha hiyo iliingizwa kwenye wavuti, na watu wa mabara mengine wakaanza kufuatilia kahawa wasiyoweza kuinywa. Kamera ilizimwa tarehe 22 Agosti 2001. Birika lenyewe, likiwa bovu, liliuzwa kwa mnada wa mtandaoni, na Spiegel Online ya Ujerumani ikalinunua kwa pauni 3,350. Kuna jambo moja katika kisa hiki ambalo wasimulizi hulipita haraka: kamera, kompyuta na programu vyote vilikuwa vya walewale wenye birika. Hakukuwa na kampuni katikati iliyowauzia ruhusa ya kuitazama kahawa yao.

Mwaka 1996 kampuni ya Axis, ya mji wa Lund nchini Uswidi, iliuza kamera ya kwanza ya aina tuijuayo leo, yenye kuchomekwa moja kwa moja kwenye mtandao bila kompyuta pembeni. Mwaka 1999 ikatoa Axis 2100, na ndani yake, kama mfumo endeshi, ilikuwemo Linux. Hapa ndipo penye kichekesho kikubwa cha biashara hii. Kamera nyingi za mtandao zinazouzwa leo, pamoja na zile ambazo boksi lake linaitaja Windows peke yake, ndani zinaendeshwa na Linux. Mtengenezaji amechukua kazi huria ya maelfu ya watu, akaifunga kwa kufuli lake, kisha anamwambia mwenye laptop ya Linux kwamba hawajuani.

Mpenzi wa programu huria hawezi kupita hapa bila kumtaja Philip Coombes. Mwingereza huyu aliibiwa vifaa vyake vya ufundi katika gereji. Badala ya kununua mfumo wa bei, aliandika wake, na mwaka 2002 akautoa bure kwa ulimwengu kwa jina la ZoneMinder. Zaidi ya miaka 20 baadaye bado unatumika, bado ni wa bure, na umewalinda watu ambao Coombes hatawafahamu kamwe. Ungekuwa mfereji wa maji wa Kichaga, mtu angeuelewa upesi: anauchimba mmoja na jirani zake, unanywesha migomba ya wajukuu, na hakuna anayekuja kila mwezi kudai ada ya kuyatazama maji.

Na Watanzania hawakuwa watazamaji tu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na Waswidi, kiliendesha mradi ulioitwa Kilinux, jina ambalo mtu wa Moshi hawezi kulisikia bila kuuona mlima. Kabla ya mwaka huo kwisha ulizaa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili, pamoja na orodha ya istilahi zake. Ilikuwa kazi ya fahari. Leo kijana anayefunga kamera Majengo au Soweto, mjini Moshi, anasoma kijitabu cha Kiingereza na Kichina, anabahatisha, na anaacha nywila ya kiwandani ilivyo kwa sababu sentensi iliyomwonya hakuielewa. Huo ni uzembe wetu wenyewe, wala hatuna cha kuwasingizia mabeberu. Lugha ilikwisha kupewa jembe, shamba likaachwa.

Nywila ya kiwandani si jambo dogo. Septemba na Oktoba 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilizunguka duniani kikigonga milango ya kamera, mashine za kurekodia na ruta. Hakikuwa na uchawi wowote. Kilikuwa na orodha ya majina na nywila za viwandani, kama jozi 60 hivi, mfano wa "admin" na "admin". Kilichofunguka kiliingizwa jeshini. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi hilo liliielemea kampuni ya Dyn ya Marekani, na mitandao mikubwa kama Twitter na Netflix ikawa haifikiki kwa wengi kwa saa kadhaa. Afrika nayo iliguswa: kampuni ya simu ya Lonestar ya Liberia ilishambuliwa kwa mtandao wa aina hiyo, na Januari 2019 mahakama ya Uingereza ilimfunga Daniel Kaye miezi 32 kwa kazi hiyo, aliyokuwa amelipwa kuifanya. Kamera iliyonunuliwa kumzuia mwizi ilikuwa imeajiriwa na mwizi, na mwenye nyumba hakujua lolote.

Upande wa pili wa shilingi ulionekana nyumbani. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Kamera inayotegemea seva ya ng'ambo hupofuka siku kama hiyo. Tangu Agosti 2022 TTCL ilipofikisha intaneti ya kasi kwenye Mlima Kilimanjaro, mpandaji anaweza kutuma picha akiwa Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Lakini bibi aliyeketi sebuleni, hatua kumi kutoka getini, mkongo ukikatika haoni nani anabisha hodi, kwa kuwa picha ya geti lake ilibidi ivuke bahari kwanza.

Basi, kugeuza shati ndani nje. Mshono wa kwanza ni herufi nne: RTSP. Ni utaratibu uliowekwa wazi mwaka 1998 wa kusafirisha picha mfululizo, na kamera inayoukubali huonekana kwenye Linux yoyote kupitia programu ya kawaida kama VLC. Mshono wa pili ni ONVIF, makubaliano yaliyoanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony ili kamera ya kiwanda kimoja isikilizane na kinasa cha kingine. Boksi likitaja vyote viwili, kazi kubwa imekwisha. Lisipotaja, muuzaji aulizwe, na akijibu kwamba "ina app yake", mnunuzi arudishe shati mezani.

Zipo tofauti ndani ya jina moja, na hapa nembo hudanganya kweli. Tapo C200 ya TP-Link, ambayo ni ya bei nafuu, inatoa RTSP mara mwenye nayo anapotengeneza akaunti ya kamera ndani ya programu yake ya simu. Ndugu zake za Tapo zinazotumia betri hazitoi. Reolink zinazochomekwa kwenye umeme kwa kawaida huelewana na Linux, za betri zina mashaka. Hikvision huwa nayo ONVIF, ila mara nyingi imezimwa na ni lazima iwashwe kwa mkono. Kengele za mlangoni za Ring zinataka seva za Amazon, hivyo hazifai kwa shughuli hii. Kamera za zamani zinazodai Internet Explorer ili kurekebishwa ni fagia, kwani programu hiyo ilistaafishwa Juni 2022.

Kwenye laptop, ZoneMinder bado inafaa. Frigate, iliyo changa zaidi, hutambua kama kilichopita ni mtu, gari au ng'ombe. Kwa vihamba vyetu jambo hilo ni la maana kuliko linavyosikika. Kamera inayopiga kelele kila kitu kikisogea haitalala hata dakika moja mbele ya migomba: upepo wa jioni ukishuka mlimani, kila jani ni mwizi. Programu zote mbili huruhusu kuchora eneo la kupuuzwa, na migomba ndiyo ya kwanza kuchorwa. Ukungu wa usiku nao una yake. Taa za infraredi zilizo kandokando ya lenzi huupiga ukungu na kurudisha weupe mtupu, na joto lake huwavuta wadudu, wadudu wakawavuta buibui. Taa ya kawaida ya nje, iliyofungwa mbali na kamera, husaidia kuliko kamera ya bei mara mbili.

Hesabu ya hifadhi haihitaji fundi. Kamera inayotuma megabiti 2 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 21 na nusu kwa siku. Nne hujaza kama 86, hivyo diski ya terabaiti moja hubeba siku kumi na moja hivi kabla ya kuanza kufuta za zamani. Anayewaza kuzipandisha zote mtandaoni kwa bando la simu azidishe mwenyewe. Laptop inayokula wati 20 haimalizi hata nusu uniti ya LUKU kwa siku, na betri yake, kama bado ina pumzi, huivusha umeme unapokatika. Ruta na kamera zitafutiwe betri yao. Penye uwezo wa kuvuta waya, waya uvutwe: kebo moja ya mtandao hupeleka umeme na kurudisha picha, na haisumbuliwi na kuta za mawe.

Limebaki jambo la jirani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Sura ya mtu anayetambulika ni taarifa yake, si mali ya mwenye ukuta. Uchagani mpaka huonyeshwa kwa masale, mmea uleule anaoupeleka mtu anapokwenda kuomba radhi. Kamera iliyofungwa juu ya paa hukiona kihamba cha jirani, jiko lake na binti zake wakianika nguo, na masale hayawezi kuizuia. Eneo hilo nalo lizibwe kwenye programu kwa rangi nyeusi, na jirani aitwe aoneshwe kwamba limezibwa.

Jinsi ya kuliona geti ukiwa Dar bila kufungua tundu kwenye ruta ni suala la sehemu ya tano. Kabla haijatoka, msomaji ambaye tayari ana kamera afanye jaribio moja jioni ya leo: achomoe waya au laini inayoleta intaneti kwenye ruta, aiache ruta yenyewe ikiwaka, kisha ajaribu kuliangalia geti lake akiwa sebuleni.