Kutoka Myanga, Namboole ni karibu kuliko Kasarani

Shabiki wa soka anayeishi Myanga, upande wa magharibi wa mji wa Bungoma, akisikia kuna mechi kubwa ya kimataifa huanza kuwaza Uwanja wa Kasarani, Nairobi. Huwaza basi la usiku, baridi ya Timboroa, jamaa atakayempokea Kawangware, na nauli ya kurudi. Ni safari ya kilomita 400 hivi, kwenda tu. Akigeukia upande wa pili, Malaba ni jirani yake, na kutoka mpakani hadi Kampala ni kilomita 220 hivi. Uwanja wa Mandela, ambao kila mtu huuita Namboole, uko mashariki mwa Kampala karibu na barabara ya Jinja, upande uleule anaoingilia mgeni atokaye Kenya. Hana haja hata ya kupenya msongamano wa katikati ya jiji.

Hesabu hii ilipata uzito Septemba 27, 2023, Shirikisho la Soka Afrika lilipozipa Kenya, Uganda na Tanzania uandalizi wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Kwa mara ya kwanza mashindano hayo yamepangiwa nchi tatu kwa pamoja, na mkazi wa Bungoma anajikuta kati ya wenyeji wawili. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakivuka mipaka ya nchi zao kwa kitambulisho cha taifa, bila pasipoti. Kwa hiyo Myanga, inayohesabiwa kuwa pembezoni kila Nairobi inapotajwa, safari hii iko mahali pazuri mno.

Ladha yake ilionjwa Agosti 2025, nchi hizo tatu zilipoandaa CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani. Timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, iliifunga DR Congo bao 1-0, ikatoka sare ya 1-1 na Angola, kisha ikaishinda Morocco 1-0 kwa bao la Ryan Ogam. Zambia nayo ikalala kwa bao moja. Robo fainali ya Agosti 22 dhidi ya Madagascar iliisha 1-1, na penalti zikaikata Kenya miguu, 4-3. Mashabiki wengi wa magharibi waliyafuata hayo yote kwa redio na kwenye televisheni za hotelini. Uwanjani hawakufika, ingawa Namboole nako mechi zilikuwa zikichezwa.

Si kwamba eneo hili halina historia ya mpira. AFC Leopards, Ingwe wenyewe, iliyoanzishwa 1964 kwa jina la Abaluhya, ilinyanyua kombe la klabu bingwa la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982 hadi 1984, na mpaka leo mechi yake na Gor Mahia hugawanya nyumba. Bungoma yenyewe iliingiza Nzoia Sugar katika Ligi Kuu mwaka 2017, timu iliyotegemea kiwanda cha sukari na kuyumba kila kiwanda kilipoyumba. Pale Kanduyi upo Uwanja wa Masinde Muliro, uliokarabatiwa na kuandaa sherehe za kitaifa za Madaraka Juni 1, 2024. Kitale kuna St Anthony's, shule ambayo wapenzi wa kandanda huijua kwa jina la Solidarity. Mwaka 2024 wachezaji wake wawili, Aldrine Kibet na Amos Wanjala, walikwenda Uhispania kujiunga na akademia ya Nàstic, na mwaka uliofuata Kibet akasajiliwa na Celta Vigo.

Hilo la Kibet halijapewa nafasi inayostahili. Watoto wa Kiminini na Bumula wanaokariri kikosi cha Arsenal kuanzia kipa hadi mchezaji wa akiba wanaweza kumtazama kijana aliyecheza kwenye viwanja vya shule vya Kitale. Umbali kati yao na viwanja hivyo hauzidi nauli ya matatu.

Mbio nazo ziko karibu vilevile, tena ni za zamani kuliko mpira. Miongoni mwa Wabukusu, tohara hufanyika Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili: 2022, 2024, 2026. Kabla ya siku yenyewe, mvulana huvaa shanga na kushika chinyimba, kengele za chuma anazozigonga kwenye vikuku vya mikononi, kisha hutoka kuwaalika ndugu. Huenda mbio. Huvuka mito, hupanda vilima, huingia boma hili na kutoka lile, kundi la wenzake likimfuata kwa nyimbo, na mlio wa chuma hutangulia kufika kabla yake. Kwa khocha, yaani mjomba wake, humpasa kufika bila kukosa. Huko huchinjiwa ng'ombe, akavishwa luliki, kipande cha nyama kinachoning'inia kifuani, kisha akaanza safari ya kurudi kwao nacho.

Hakuna anayemwuliza mvulana huyo kama leo ana hamu ya kukimbia. Siku imewekwa, watu wanamngoja, na nyumba za kufikia zinajulikana. Wanaohangaika kutafuta motisha ya mazoezi kwenye simu, kwa video za wanaume wanaopiga kelele alfajiri, wangejifunza zaidi kwa kuchunguza mpangilio huo. Hamu huja na kwenda. Miadi na watu hubaki, na anayejua kwamba wenzake wawili wanamsubiri njia panda saa kumi na mbili asubuhi hutoka kitandani hata mvua ikinyesha.

Juu ya Bungoma, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mbio zimezaa mabingwa wa dunia. Agosti 15, 2009, jijini Berlin, fainali ya wanawake ya mita 10,000 iliingia mita za mwisho Meselech Melkamu wa Ethiopia akiongoza. Aliamini amemaliza kazi, akaanza kuinua mikono. Pembeni yake Linet Masai, binti wa miaka 19 kutoka Mlima Elgon, hakuwa ameacha kukimbia. Aliurusha mwili mbele, kifua kikagusa mstari: dakika 30, sekunde 51.24. Melkamu alipata 51.34. Sehemu moja ya kumi ya sekunde iliirudishia Kenya taji ambalo haikuwa imelipata tangu Sally Barsosio mwaka 1997. Siku mbili baadaye kaka yake, Moses Masai, akatwaa shaba ya mita 10,000 kwa wanaume. Nyumba moja, medali mbili za dunia ndani ya siku tatu.

Kabla yao alikuwepo Ben Jipcho, mwana wa mlima huohuo. Kwenye Olimpiki ya 1968 kule Mexico alijitoa mhanga katika mita 1,500, akaongoza mzunguko wa kwanza kwa kasi kali ili kumvuruga Mmarekani Jim Ryun, na Kipchoge Keino akaondoka na dhahabu. Miaka minne baadaye Munich alimfuata Keino tena, wa pili katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Zamu yake ilifika Christchurch mwaka 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola, alipochukua dhahabu mbili, ya mita 5,000 na ya viunzi. Aliongeza shaba ya mita 1,500 katika mbio ambazo Filbert Bayi wa Tanzania alivunja rekodi ya dunia. Jipcho alifariki Julai 2020. Mtu wa kiwango hicho alistahili kujulikana na kila mtoto wa Bungoma kama wanavyowajua wachezaji wa Manchester United.

Na anayedhani umri umempita amtazame Edith Masai, naye wa Mlima Elgon, aliyezaliwa 1967. Alishinda mbio fupi za nyika za dunia mwaka 2002 akikaribia miaka 35, akarudia 2003, akarudia tena 2004. Katika umri ambao wengi hustaafu, yeye ndipo alipoanza kutwaa ubingwa wa dunia.

Kwa mkimbiaji wa kawaida wa Myanga, safari ya kwanza isiwe ya mbali. Achukue matatu hadi Bungoma, kisha Webuye, halafu aelekee kaskazini kupitia Misikhu, Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale. Bungoma iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kitale ni takriban 1,900. Tofauti hiyo mapafu huitambua mapema. Hewa ya juu huupa mwili oksijeni kidogo kwa kila pumzi, na damu huhitaji wiki kadhaa kuzoea kwa kuongeza seli nyekundu. Mgeni anayekimbia Kitale kwa kasi ya Myanga siku ya kwanza atasimama njiani akishika kiuno. Aanze polepole, achague njia ya udongo badala ya lami, na aache wenyeji wamtangulie.

Akimaliza mazoezi, asikimbilie stendi. Mbele kidogo ya Kitale iko Mbuga ya Saiwa, iliyotengwa 1974, ndogo kuliko mbuga zote za taifa nchini. Ndani yake watu hutembea kwa miguu, na mwenye subira asubuhi na mapema huwaona nzohe, swala wa kinamasi wenye kwato ndefu. Upande wa Elgon kuna pango la Kitum, ambamo ndovu huingia usiku kukwangua ukuta kutafuta chumvi. Wazungu hutoka Ulaya kuja kuona hayo, na familia nyingi za Bungoma bado hazijafika, ingawa mtu anaweza kwenda na kurudi bila kulala safarini mara mbili.

Mipango ya 2027 nayo isingoje 2027. Anayetaka kwenda Namboole aanze na kitambulisho: kama kimepotea au maandishi yamefutika, aombe kingine sasa, kabla ya foleni. Atafute wenzake wa kugawana nauli na chumba, waanze kuweka akiba pamoja kila mwezi, na wafuatilie ratiba ili wajue ni mechi zipi zitachezwa Uganda. Serikali za kaunti za Bungoma na Trans Nzoia zina kazi yao pia. Mashabiki watapita Webuye na Bungoma kwa mabasi wakielekea Malaba, na viwanja vya Kanduyi na Kitale vikitunzwa vizuri vinaweza kuandaa michezo ya shule na mbio za vijana wiki hizohizo, ili wapitao wapate sababu ya kushuka.